Panga la kwanza liliharibikia shinani

Hamu ya kuiundia boti rafadha, lile pangaboi linaloisukuma majini, kwa faiba ilinishika niliposoma kwamba mwaka 2014, kule Japani, meli ya kubeba kemikali iitwayo Taiko Maru ilifungwa rafadha kuu ya nyuzi za kaboni. Nilichokitamani ni wepesi. Kwa ujazo uleule, bronzi ina uzito wa karibu mara tano ya nyuzi za kaboni zilizoshikwa na epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, na rafadha nzito huchosha shafti na beringi zake.

Kitovu nilikiacha cha bronzi, mapanga matatu, yaani mabawa yanayosukuma maji, nikayafanya ya kaboni, yafungwe kwa bolti. Kalibu niliitoa kwenye panga la rafadha ya zamani, upande wa mgongo na upande wa tumbo. Panga la kwanza nililaza matabaka yote ya kitambaa cha kaboni kwa mkupuo mmoja, nikafunika, nikawasha pampu ya kuvuta hewa. Ncha ilitoka safi. Shinani, panga linapofungwa kwenye kitovu na palipo na unene, epoksi ilijipasha moto yenyewe hadi kalibu ikawa haishikiki. Kesho yake niligonga kwa sarafu kuanzia nchani: ti, ti, ti, mlio mkavu. Kufika shinani ukageuka: du, du. Nilipolikata kwa msumeno, matabaka yalikuwa yameachana na kujaa vitundu. Iliniuma sana, kwani kitambaa cha kaboni ni ghali.

Fundi mwenzangu alikigeuzageuza kile kipande, akasema, "Shina lijenge kidogo kidogo, ndugu yangu."

Nikarudia. Matabaka machache, nasubiri epoksi ishike na joto lishuke, ndipo naendelea. Nyuzi nyingi nilizilaza kutoka shinani hadi nchani bila kuzikata, maana ndizo zinazobeba mzigo maji yanapolikunja panga. Nyingine nikazipitisha kimshazari ili lisijisokote ovyo. Safari hii sarafu ililia mlio mmoja, mwanzo hadi mwisho.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenikumbusha kutu. Kaboni hupitisha umeme; ikigusana na metali ndani ya maji ya chumvi, metali ndiyo inayoliwa. Nikaweka tabaka la faiba ya kioo kati ya kila panga na kitovu, na bolti nikazivalisha bushi za plastiki.

Kaboni haipendi kugongwa: gogo linaloelea laweza kuachanisha matabaka ndani huku juu hakuna alama. Kila mara boti inapopandishwa nchi kavu natoa sarafu yangu, naanzia shinani.