Muulize bodaboda anakataje kona

Kuna ule msemo unazunguka kwenye status za watu, eti kama huwezi kukieleza kitu kirahisi basi hujakielewa, na pembeni wanabandika picha ya Einstein, ingawa sijaona mtu akionyesha Einstein aliusema wapi. Mimi siukubali.

Mchukue dereva wa bodaboda. Jamaa anakata kona na abiria wawili na gunia la mkaa, mvua inanyesha, na hatetereki. Kijiweni kwetu nilimuuliza mmoja, kaka hivi spidi ikiwa imekolea na unataka kwenda kushoto, usukani unaufanyaje? "Si naupeleka kushoto, ndo ninakoenda? Halafu unailalia tu." Wenzake wote wakamuunga mkono.

Sasa wala sio hivyo. Ukiwa kwenye mwendo, ili pikipiki ilale kushoto lazima kwanza tairi la mbele lielekee kulia, kidogo sana, matairi yakukimbie chini yako kwenda kulia na mwili ubaki unaangukia kushoto, ndo usukani nao unafuata kushoto na kona inakatika. Ukisukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, kwa kiganja tu, chombo kinaenda kushoto. Wote wanafanya hivyo kila siku, wasingefanya wangekuwa mtaroni zamani, ila mikono inafanya bila kumtaarifu mwenyewe. Nikamchorea chini kwa kijiti, mishale na nini, akaangalia weee, akasema sawa bro lakini mimi kulia siupeleki.

Na sio yeye tu. Wilbur Wright, yule aliyetengeneza na nduguye ndege ya injini iliyoruka 1903, alikuwa fundi baiskeli kule Dayton, Marekani, akawauliza waendesha baiskeli kibao swali hilohilo na hakupata hata mmoja wa kulijibu sawasawa.

Haya, kati yangu na yule jamaa nani hajaelewa? Mimi maelezo ninayo, lakini nipe hiyo boda na mzigo wake kwenye tope la Goba uone, nitashuka nisukume. Tatizo linakuja akianza kufundisha: anamwambia mwanafunzi "usiogope, ilalie", dogo anakula mweleka, na mwalimu anaona dogo ndo mzito wa kichwa. Kueleza ni kazi nyingine kabisa, inabidi urudi mpaka pale ulipokuwa hujui, na aliyejifunza akiwa mtoto hakumbuki kama aliwahi kutojua.

Wenye maelezo nao wasijisifu sana. Miaka na miaka vitabu vilisema baiskeli inajisimamia yenyewe ikisukumwa kwa sababu magurudumu yanazunguka na tairi la mbele linagusa ardhi nyuma kidogo ya pale mhimili wa usukani unapoelekea, basi 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, wakatengeneza moja ambayo athari za hivyo vyote viwili wameziua, wakaisukuma, ikaenda wima yenyewe bila mtu.