Akiki za chini ya kabati

Jana nimetimiza mwezi wa saba kwenye fremu yangu ya kuuza vito hapa Mwenge, Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza kodi imelipwa bila kumkopa mama. Iliyolipa si tanzanaiti. Ni akiki, yale mawe ya kutia kwenye pete.

Nilipofungua nilikuwa nawasubiri wageni wanaokuja kununua vinyago. Tanzanaiti nikaipa rafu ya juu, maana duniani kote inachimbwa Mererani tu, na hadithi yake tamu: mwaka 1967 iligunduliwa, 1968 Tiffany, wauza vito wa New York, wakaipa jina la nchi yetu. Nasema pia kwamba mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, yakipikwa kwenye tanuri ndipo yanapata buluu. Sifichi. Kisha namsogeza mteja mlangoni: chini ya taa ya njano jiwe linavuta zambarau, juani linawaka buluu. Anashangaa, anapiga picha, anaondoka.

Na ni jiwe laini, jamani. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga zinazoweza kulikwaruza. La kwanza nililifuta kwa khanga kavu. Mistari yake ninayo mpaka leo.

Mwezi wa pili dalali mmoja aliniuzia vipande vitatu vya tanzanaiti, laki nne. Usiku nikavimulika kwa tochi, nikatazama kwa kioo cha kukuzia: viputo vya hewa, viduara kabisa, kama vya soda. Vigae vya chupa tu. Simu yake haipatikani. Vipande nimeviacha kwenye kisahani karibu na mizani, vinitazame.

Akiki nilikuwa nazo kopo zima, nyongeza niliyopewa kwenye mzigo mwingine, nikazisukumia chini ya kabati. Ijumaa moja baada ya swala akaingia mzee wa kanzu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Akiki unayo?”

Nikamwaga kopo mezani. Hakuomba tochi wala kioo. Alichukua moja moja, akaigusisha mdomo wa chini, akatulia kidogo, akaiweka kulia au kushoto. Akachagua moja nyekundu ya tende mbivu, ya kutiwa kwenye pete ya fedha. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wawili, na hao wakaleta wengine. Sasa wananidai feruzi, lile jiwe la buluu ya kijani. (Wasichana wa chuo wao wanataka jiwe la waridi la kuleta mchumba. Nawauzia jiwe, mchumba nawaambia watafute wenyewe.)

Siku ile, kabla hajatoka, nilimuuliza mdomoni anatafuta nini.

“Baridi. Jiwe linachelewa kupata joto.”

Nikamsogezea kile kisahani, sikusema kitu. Akaokota kipande cha buluu, akakigusisha mdomo, akakirudisha upesi.

“Ulinunua kwa shilingi ngapi?”

Nikamtajia.

“Pole, binti,” akasema, akavaa makubazi yake.