Nyuma, afadhali

Siku ile tuliyokwenda kwake jioni kutafuta kanga za video ya wimbo tunayoipiga kwa kazi ya chuo, mama yake mwimbaji wetu aliniuliza swali moja tu lililonihusu mimi. Alikuwa amekaa mkekani, sanduku la kanga liko wazi mbele yake.

"Na wewe mwanangu, kwenye hiyo video utakuwa mbele au nyuma?"

"Nyuma, mama. Mimi ndiye ninayeongoza."

"Afadhali."

Akavuta kanga nyingine, akaikung'uta, akamgeukia binti yake kumwambia ile ya kijani imetoboka pindoni. Mazungumzo yakaenda zake. Mimi nikabaki palepale.

Afadhali nini, mama?

Wiki yenyewe haikukosa mambo. Dada amejifungua salama huko Morogoro, mtoto wa kiume, alhamdulillahi. Ratiba ya mitihani imebandikwa. Umeme ulikatika kutwa nzima ya Jumatano na betri zetu zote ziko tupu. Lakini nikiosha vyombo, afadhali. Nikitoa fotokopi dukani kwa Shangazi, afadhali. Juzi mteja kaniuliza kama nakala moja bado ni shilingi mia, nusura nimjibu afadhali.

Mnaonijua mnaijua habari ya jino langu, siirudii. Mnajua pia kwamba kwenye mchezo wa darasa mwaka jana nilipewa kuwa sauti ya redio. Kwa hiyo hamtashangaa maana ya kwanza iliyonijia ilikuwa ipi: afadhali, sura hiyo isionekane. Ya pili ilinipata juu ya bodaboda, tukikata kona ya Magomeni: afadhali, mtoto wa watu usijianike, huyu wangu keshanishinda, wewe bado una nafasi. Hii nayo ina ukali wake, maana binti mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anasikia.

Ya tatu kaniletea Kamera (ndiye mpiga picha wetu, yuleyule wa safari ya Kaole, aliyesahau viatu msikitini). Yeye anasema, "Mama kapumua tu. Ukiwa nyuma utamwangalia mwanawe. Walio mbele kila mtu anajiangalia mwenyewe." Ni maana nzuri na nilitamani kuishika. Kinachonikataza ni jinsi alivyolitamka, bila kuinua macho, mkono tayari uko kwenye kanga inayofuata. Mtu anayekukabidhi mwanawe si anakutazama kwanza?

Kanga zenyewe zilituchukua jioni nzima. Nilidhani tutachagua rangi tu. Sisi tunataka rangi iliyoiva, isiyo nyeupe, kwa sababu nyeupe ikipigwa na jua la baharini inaungua kwenye picha, hubaki na chochote cha kurekebisha. Tunakwepa pia nakshi ndogondogo zilizobanana, maana kamera yetu ikiziona zinaanza kuchezacheza. Mama hakuwa na habari na hayo. Yeye alisoma majina. Kila tuliyoipenda aliikunjua mpaka kwenye maandishi, akayasoma kimoyomoyo, akatikisa kichwa. Moja ilikuwa kali kwelikweli, siiandiki hapa, naye akaisukuma chini ya sanduku: "Hii hapana. Ukiivaa sokoni anaisoma anayepita. Hiyo yenu itasomwa mara ngapi? Jirani atasema namsema yeye." Nilipogusa kisutu akauliza, "Kwani nani anaolewa?" Tukaishia kwenye "Wema hauozi", ambayo haiwezi kumchokoza mtu yeyote. Kwa maoni yangu kanga isiyomchokoza mtu imekosa nusu ya raha yake, ila wekundu wake ni mzuri, na kiitikio cha wimbo kinaongelea fadhila. Tumeipata na pea yake, moja ikilowa avae nyingine.

Karatasi nazo nimezimaliza. Mwalimu katutaka tufuate kila hatua kama watu walio kazini: barua ya chuo, barua kwa mtendaji, maombi ya kibali Bodi ya Filamu kwa sheria ile ya mwaka 1976, ambayo ni kubwa kuliko wazazi wa nusu ya darasa letu. Droni tumeifuta. Kurusha kunataka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mwenye droni alitaka pesa ambayo tukimpa basi watu hawatakula. Picha ya juu tutaipiga kwenye ngazi ya fundi umeme, watu wawili wakishika miguu ya ngazi na mmoja akishika mkanda wa Kamera. Bajeti iliyobaki ni nauli, wali maharage wa mchana, maji, na kifuta jasho cha mzee mwenye mashua.

Kwa mzee ndiko nilikosahau afadhali kwa muda wa asubuhi moja.

Tulimkuta chini ya mnada wa samaki, anaziba nyufa za mashua yake, pamba mkononi, harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, imemjaa hadi kwenye kofia. Tunachotaka kwake ni hiki: alfajiri, mashua zimepwelewa mchangani, mwimbaji anapita katikati yake kutoka mbali, jua linachomoza nyuma. Bagamoyo bahari iko mashariki, hilo ni jambo tulilolazimika kulieleza kwa utaratibu kwa mwenzetu wa Dodoma, aliyeandika kwenye skripti "jua linazama baharini" na akatetea sentensi yake kwa karibu saa nzima. Kamera alikuwa amependekeza siku ya mwezi mpevu, apate na mbalamwezi ya usiku kwa ubeti wa pili. Nikamtajia mzee tarehe.

"Mwezi utakuwa na siku ngapi?" akauliza.

Kamera akatoa simu. Mzee hakumngoja, akahesabu kwa vidole.

"Kumi na tano. Hiyo ni bamvua, mjukuu wangu. Maji yanajaa saa kumi usiku. Mkija alfajiri bado yako juu, mashua zinaelea, mtampitisha wapi huyo mtoto? Yatakauka saa nne. Hapo yanakwenda mbali kweli, mpaka kule kwenye nyasi."

"Saa nne jua limeshakuwa kali, babu."

"Sasa jua si langu."

Tukasimama pale tunatafuta. Bamvua inatoa mchanga mpana kuliko siku zote, lakini inautoa saa ambayo uso wa mtu una vivuli viwili vyeusi chini ya macho. Maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, nayo hayaendi mbali, na mashua za nje hazikai chini. Mzee akaegemea ubavu wa chombo chake, akatupangia yeye: "Njooni mwezi ukiwa na siku kumi au kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu hivi yatakuwa yameshuka. Si sana, lakini hii yangu itakuwa imekaa, na ile ya pale pia. Kisha yanaanza kurudi, hayatawasubiri." Kamera akalinganisha na jedwali la maji kwenye simu, akakuta tofauti ya dakika chache tu, akairudisha simu mfukoni kwa adabu. Kwa hiyo tarehe imerudi nyuma siku nne, mbalamwezi tumeiacha, na ratiba niliyoichapa kwa karatasi za Shangazi inabidi nichape upya. Mzee hakuuliza kama ataonekana kwenye video. Aliuliza tutaondoka saa ngapi, maana ana kazi.

Mchana wake tukafanya mazoezi ya ile sehemu ya polepole, na hapo sasa nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tunataka kiitikio cha mwisho kanga ipepee taratibu, maji yarukie miguuni taratibu, lakini midomo iende sawa na wimbo. Njia yake ni kupiga picha fremu 50 kwa sekunde, halafu kuonyesha kwa fremu 25. Kila kitu kinapungua mwendo kwa nusu. Ili midomo isiachwe nyuma, siku ya kupiga picha wimbo unachezwa kwenye spika kwa kasi mara mbili, na mwimbaji anaimba kwa kasi hiyohiyo. Ukija kuupunguza, midomo inakaa mahali pake na mwili unaogelea. Kwenye maelezo ni rahisi. Kwenye uwanja wa nyuma wa bweni, spika ilipotoa ule wimbo wetu wa huzuni unakimbia kwa sauti ya panya aliyebanwa mlangoni, walioanika nguo walikaa chini. Mwimbaji alishika neno la kwanza na la mwisho, katikati akawa anatafuna hewa.

Tumegundua mawili ya kusaidia. Kwanza, tumeongeza milio minne ya kuhesabia kabla ya kiitikio, la sivyo anaanza kachelewa na kila kitu kinaharibika. Pili, macho na mikono visikimbie. Midomo peke yake ndiyo iwe na haraka. Ukikonyeza jicho kwa mwendo wa wimbo, kwenye picha linafunguka kawaida kama siku zote na ule uchawi unapotea. Likifunguka polepole mno wakati wa kupiga, kwenye picha anaonekana kasinzia. Kwa hiyo tunamfundisha kufumba macho upesi kidogo tu, na kuweka mabega yametulia huku ulimi unahangaika. Jaribuni nyumbani mkiwa peke yenu.

Kisha ikafika saa ya kujaribu taa na yeye alikuwa ameitwa kwao, ana mgeni. Rifleta yetu ni kava la kioo cha gari, lile la fedha la kukunja, la kaka yake Kamera. Jua likiwa nyuma ya mtu uso unakuwa giza, hivyo lazima umrudishie mwanga kutoka mbele, na lazima tujue mshikaji asimame wapi. Lazima asimame mtu. Wakanitazama. Nikavaa "Wema hauozi", nikasimama kwenye alama, wimbo wa panya ukaanza, nami nikaimba wote, kwa maana maneno nimeyasikia zaidi ya aliyeyatunga.

Nilipokwenda kuangalia kwenye kioo cha kamera, wenzangu walikuwa kimya, nami nilijua kwa nini. Walikuwa wanangoja niseme kuhusu jino. Nikaangalia mara moja, nikaomba irudiwe. Kava liko chini mno, linatupa mwanga wa kutokea kidevuni, pua inafanya kivuli juu. Lipande usawa wa kifua na lisogee kushoto hatua mbili. Tukarudia, nikasimama tena, likakaa sawa. Kanga ilikuwa inapanda hewani na kushuka bila haraka yoyote, na huyo mtu aliyekuwa ndani yake alikuwa anaimba vizuri tu, jino likiwa pale pale lilipo. Nilifurahi. Naandika hivyo wazi kwa sababu hapa huwa naandika zaidi nikiwa nimenuna.

Kamera akasema hizo za majaribio hazifuti mpaka memori kadi ijae. Nikamwambia afute, inahitajika nafasi. Hajafuta, nami sijamkumbusha.

Jana nilimrudishia mama sanduku dogo la shanga alilotuazima tulinganishe rangi. Nilijipanga njia nzima. Nilikusudia kumwambia, kwa utani, mama, juzi nilikaa mbele kidogo. Nilibisha hodi, nikaamkia, akaitikia, akanikaribisha chai. Akaniuliza tarehe mpya, nikamweleza habari ya maji na mwezi. Akasema, "Mzee huyo anajua." Akaniuliza binti yake atarudi saa ngapi siku hiyo, na nani atakuwa naye wakati wa kubadili nguo, nikamwambia mimi. Akaitikia kwa kichwa. Nikanywa chai, nikaondoka, sikulisema la kwangu na yeye hakulirudia lake. Kamera anadai lile swali la kubadili nguo ndilo jibu langu. Inawezekana. Ila watu huuliza maswali kama hayo hata kwa msichana wasiyempenda sura.

Bado kazi zangu ni: kuchapa ratiba upya, kuomba spika ya pili yenye betri inayokaa (kama umeme wa Jumatano utajirudia), kumtafutia mwimbaji viatu vya kuvua na kuvaa upesi, na kumkumbusha mwenzetu wa Dodoma kwamba alfajiri ni alfajiri.

Lakini kinachonifanya niwe macho saa hizi ni Shangazi. Leo kamrudishia mteja chenji ya elfu kumi kwa noti ya elfu tano, na mteja ni mtu mwema, akaileta. Wiki iliyopita ilitokea pia, sikuitia maanani, nikasema ni uchovu. Leo jioni wakati wa kufunga duka akaniita kwa jina la mama, akaniagiza nikaangalie mtoto kama kalala. Nikamwuliza mtoto gani, akanyamaza, akacheka, akasema amechoka. Alishawahi kuwa na presha na dawa huwa anazimeza akikumbuka. Nilitaka kumpigia dada, ila dada ana kichanga na mshono, na Baba ukimwambia jambo la dadake atapanda basi usiku huuhuu. Kesho dukani nitahesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti kabla hajafika, halafu nijue nimpigie nani.