Wakatoliki wa Marekani na kura zao

Jamani mi huku Marekani nasali parokia yenye wazee wengi wa asili ya Ireland na Italia, na kukaa nao ndo kumenifungua macho jinsi kura za Wakatoliki zilivyogeuka. Bibi mmoja alinambia kwao picha ya John F. Kennedy, Mkatoliki aliyegombea urais kwa chama cha Democrat, ilitundikwa ukutani pembeni ya Papa, na si ajabu, maana 1960 Gallup walikadiria 78% ya Wakatoliki walimpigia, enzi hizo watu wazima kabisa wanadai eti rais Mkatoliki atapokea amri kutoka Roma, mpaka ikabidi aende Houston kuwatoa hofu wachungaji wa Kiprotestanti.

Leo watoto wa huyo bibi wote wako chama pinzani, Republican! Ukiwauliza wanakutajia utoaji mimba na ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1973 iliyouruhusu nchi nzima, ila mi naona maisha yenyewe nayo yalibadilika, watu walitoka mitaa ya viwanda na vyama vya wafanyakazi wakahamia vitongoji, wakasoma, wakapata hela, mazoea ya Democrat yakafa taratibu. 2020 hata Biden wa Democrat, Mkatoliki mwenzao, aligawana kura zao karibu nusu kwa nusu na Trump wa Republican, na 2024 Trump akachukua wengi wao. Wakatoliki Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, bado wengi wako Democrat, lakini nao wanapungua.

Kinachoniuma sana ni watu kupeana amani ya Kristo ndani, halafu wakifika paking hawasalimiani kisa kura.