Siku moja maishani mwangu: Lori, Donner Summit na theluji ya Oktoba

Saa 9 usiku

Simu inaniamsha kwenye kitanda cha nyuma ya usukani, Sacramento, California. Hata uso sijanawa, nafungua utabiri. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ina siku tatu ikiitangaza dhoruba hii, ya kwanza msimu huu: mvua kubwa bondeni, theluji kuanzia mwinuko wa futi 6,500 asubuhi, kisha ishuke hadi futi 5,000 jioni ubaridi ukizidi.

Kwangu mimi habari yote imo kwenye hizo futi. Barabara ya I-80 inaanza kupanda hapa, karibu na usawa wa bahari, hadi Donner Summit yenye futi 7,239, yaani mita 2,200 hivi, halafu inateremka Reno, Nevada. Ni kilomita 210 tu. Siku kavu hazifiki saa tatu. Leo nataka niwe nimeshavuka kilele kabla theluji haijaanza kushuka kuelekea zile futi 5,000.

Saa 10 alfajiri

Nawasha kifaa cha kumbukumbu za dereva na saa zinaanza kuhesabiwa: 14 tangu nianze kazi, na ndani yake 11 tu za kuendesha. Maana yake ikifika saa 12 jioni sina ruhusa ya kuendesha, hata kama nusu ya siku nilikuwa nimekwama kwenye foleni.

Nakagua breki, taa, tairi, waipa. Minyororo naipitia pingili kwa pingili kwa tochi, maana iliyolika hukatika mlimani na kuchana bomba za breki. Huku hakuna utingo. Kila kitu unafanya mwenyewe.

Mzigo wa leo ni karatasi za chooni. Trela imejaa hadi juu lakini nyepesi, na wageni wa kazi hii huufurahia mzigo wa namna hiyo. Mimi siupendi hata kidogo siku ya dhoruba. Upepo unalisukuma lile boksi ubavuni, na tairi zinakosa uzito wa kuzikandamiza barabarani.

Saa 11 alfajiri

Mvua. Na niseme wazi, sehemu hii ya bondeni ndiyo inayoniogopesha kuliko theluji. Theluji watu huiona na kupunguza mwendo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi wanaichukulia kama maji tu. Kumbe lami imekusanya mafuta na unga wa tairi miezi yote hiyo, na sasa vyote vinaelea juu. Majani makavu yameziba mitaro, maji yamesimama kwenye njia ya kulia, ambayo ndiyo yetu sisi wa malori. Gari dogo linapita kasi, linapanda juu ya maji, na dereva anageuza usukani usiokuwa na kazi.

Wakazi wa Sacramento hawajasahau 2021. Walikaa siku 212 bila mvua ya kupimika, kisha Oktoba 24 ikashuka milimita 138 kwa siku moja, na rekodi iliyokuwapo tangu 1880 ikavunjika. Msimu wa mvua ukianza huku, hauna adabu ya kubisha hodi.

Sheria inaniruhusu maili 55 kwa saa. Naenda 40, na breki ya injini nimeizima, kwa sababu kwenye utelezi inaweza kufunga tairi za kuendeshea na trela ikataka kunipita.

Saa 1 asubuhi

Kati ya Auburn na Colfax tumesimama. Magari mawili madogo yamegongana mbele, na tawi kubwa limeanguka njiani. Oktoba miti mingi bado ina majani. Yakibeba maji na upepo, matawi hukatika. Kule juu yakibeba theluji ni balaa zaidi, hung'oka na nyaya za umeme. Saa nzima inateketea hapa. Nakunywa chai ya chupa na kuangalia kifaa kikihesabu.

Saa 2 na nusu asubuhi

Karibu na Kingvale matone yamegeuka meupe, na kibao kinawaka: malori yafunge minyororo. Nakaa kwenye sehemu pana ya kando, nawasha taa zote za tahadhari, navaa koti la mvua, juu yake kizibao kinachong'aa, na glavu za mpira.

Seti moja ya tairi pacha ina kilo 30 na zaidi, na lori la ekseli tano linataka seti kadhaa: ekseli kuu ya kuendeshea tairi zote nne, ekseli ya pili zile za nje, na trela nayo ipate zake. Unautandaza mnyororo juu ya tairi, ncha za ndoano zikitazama nje ili zisichome mpira. Unasogeza lori nusu mzunguko. Unalala kwenye tope la theluji, mkono unapapasa nyuma ya tairi kutafuta ndoano ya ndani usiyoiona. Ukishaipata unarudi nje, unakaza kwa kitasa chake, unavuta raba. Halafu tairi linalofuata.

Muda wote huo uso wangu umeelekea magari yanakotoka. Dereva ukimpa mgongo barabarani, umemkabidhi roho yako mtu usiyemjua. Wapo mafundi wenye kibali cha idara ya barabara ya jimbo, Caltrans, wanaofunga kwa malipo, na namba zao zimeandikwa kifuani. Wanatoza bei halali kwa kazi ngumu. Mimi hufunga mwenyewe kwa sababu mnyororo ukilegea mbele ya safari nitajua ulifungwaje.

Dakika 50. Naenda mwendo mfupi, nasimama, nakaza upya. Hatua hii wengi huiruka, kisha utaona minyororo yao imelala barabarani kama nyoka waliogongwa.

Saa 4 asubuhi

Kilele. Mwendo unaoruhusiwa ukiwa na minyororo ni maili 30 kwa saa. Mimi niko chini ya hapo. Theluji ya milima hii ya Sierra Nevada ni nzito, imejaa maji. Ardhi bado ina joto la kiangazi, kwa hiyo ya kwanza inayeyuka, na ubaridi ukiingia yale maji yanakuwa barafu chini ya theluji mpya. Madaraja huganda kwanza, kwa kuwa hewa baridi inapita juu na chini yake.

Kwenye mteremko ziwa la Donner linaonekana kulia, kijivu. Mwaka 1846 msafara wa mikokoteni ulifika hapo mwisho wa Oktoba ukakuta theluji imewahi. Njia ikafungwa, na karibu nusu ya watu wale hawakutoka hai. Nikipita hapa huwa sizungumzi na simu.

Saa 5 Truckee, minyororo chini. Saa 6 na robo mchana, Reno.

Saa 9 alasiri

Kushusha kumechelewa kwa kuwa nilifika nje ya muda wa miadi. Ndipo bosi wa ofisini anapiga: kuna mzigo wa kurudi Sacramento leo hii. Namwambia nimebakiwa na saa tatu. Anasema nitumie zile mbili za nyongeza za hali mbaya ya hewa.

Hapo ndipo madereva wengi hutegwa. Nyongeza hiyo ipo kweli, lakini ni kwa hali ambayo hukuijua wala hukuweza kuijua kabla ya kuanza siku. Hii imetangazwa siku tatu! Nikizitumia, anayeulizwa na polisi ni mimi. Namwandikia ujumbe mfupi, ili ubaki: sitavuka usiku huu, nitaondoka baada ya saa 10 za mapumziko. Tangu 2016 kumlazimisha dereva avunje kanuni hizi ni kosa kisheria, na bosi anajua kwamba najua.

Saa 11 jioni

Kijana niliyemfundisha kufunga minyororo kiangazi, uwanjani juani, anapiga kutoka Sacramento.

"Shikamoo kaka. Wanataka nipande sasa hivi."

"Marahaba. Umeangalia ramani ya Caltrans?"

Kimya kidogo. "Malori yanageuzwa Applegate."

"Basi. Hata ukienda utarudishwa na saa zako zimeliwa."

"Watakasirika."

"Waandikie, usiwapigie. Weka na picha ya ramani."

Saa 2 usiku

Nimekula, minyororo imening'inia ikichuruzika. Kijana ametuma picha ya jibu alilopewa: "Sawa, kesho." Mimi langu limekuja refu zaidi, lina malalamiko mengi kuhusu mteja, na mwisho wake limesogeza mzigo hadi kesho saa 7 mchana. Naweka kengele ya saa 11 alfajiri, nisome tena zile futi.