Harufu ya Sabuni

Wiki iliyopita mwanangu alileta katoni tatu za sabuni za kuogea, akazisukuma chini ya kitanda mpaka atakapowapelekea wateja wake wanaoagiza kwa simu, na chumba kizima kikajaa harufu. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia, maana harufu ile ilinirudisha Ngamiani, Tanga, usiku mmoja wa mwaka 1983.

Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Duka la ushirika lilikaa wiki nzima bila sabuni, watu wakawa wanafulia majani ya mpapai. Mama alikuwa na vipande 40 vilivyovushwa kutoka Mombasa kwa njia za panya, kwa kuwa mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977. Asubuhi ya siku hiyo jirani yetu alikuwa amechukuliwa kwa ajili ya magunia mawili ya sukari.

Mama aliniamsha nimshikie koroboi mpaka chooni, uani. Alibandua karatasi moja moja, akazifutika katika pindo la kanga ili akazichome jikoni, kisha akakata kila kipande mara nne kwa kisu cha samaki na kuvidondosha shimoni kidogo kidogo, mlio usije ukasikika ng'ambo ya ua. Nilihesabu mpaka hesabu ikanipotea. Alipomaliza alichutama kando ya mafiga, akachota majivu, akajisugua mikono mpaka viwikoni kuiondoa harufu ya sabuni. Halafu akaivuta mikono yangu akaisugua vilevile, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

"Ukiulizwa, mwanangu, wewe ulikuwa umelala."

Balozi wa nyumba kumi alipita na mgambo siku ya tatu, wakachungulia chini ya kitanda, wakaenda zao.

Jirani hakuwa na bahati hiyo. Sheria iliyotungwa mwaka ule kwa kesi kama yake haikumpa dhamana wala wakili, na ilihalalisha hata ukamataji uliotangulia kutungwa kwake. Bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi, na Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985, kilichomtia jirani mahabusu kilikuwa kinaelekea kuwa biashara kama biashara nyingine. Sukari ilikuwa ileile.

Kwa miaka mingi nimemtetea mama moyoni kwa hoja hiyo. Lakini nakumbuka pia kwamba kipande kimoja alikiuza kwa mara tatu ya bei ya dukani, na waliokuja kununua jioni, wamejitanda kanga mpaka usoni, walikuwa wanawake wenye watoto wachanga. Hapo utetezi wangu hukwama, na yeye hayupo tena nimuulize.

"Mama, harufu inakukera?" mwanangu aliniuliza.

Nilimwambia hapana. Alipotoka niliinama, nikazisukuma katoni zile mpaka ukutani, pale ambapo mtu akisimama mlangoni hawezi kuziona.