Karai la mihogo

Mama alitulea kwa maandazi. Saa kumi alfajiri mkaa ulikuwa umeshashika uani kwetu Chikongola, Mtwara mjini, na mkandaji nilikuwa mimi. Nilijua kwa ncha za vidole unga ukishakubali. Kwa hiyo mwaka 2017 niliporudi kutoka Dar es Salaam na karatasi ya daktari mkobani, nilikaa siku mbili bila kumwambia kitu.

Karatasi ilisema siliaki, ugonjwa wa utumbo. Miaka minne nilikuwa nimetibiwa minyoo, amiba, taifodi na vidonda vya tumbo. Tumbo lilijaa gesi, nikaharisha, vidonda vikanitoka mdomoni, damu ikashuka hadi 6.9, na vidonge vya kuongeza damu nilivyomeza havikupandisha kitu. Mtaani walishanipa ugonjwa wao, ule unaotajwa kwa sauti ya chini. Nilipima mara tatu, sina. Ila kila nikipanda Newala kwa bibi msimu wa korosho, wiki mbili tatu za ugali wa muhogo na kisamvu zilinirudisha mwili. Bibi alikuwa na jibu lake: huko mjini kuna mtu hakupendi.

Dar walinitoa damu, wakanipitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi utumbo mwembamba, wakanyofoa vipande vidogo. Daktari akanieleza kwamba ndani ya utumbo kuna vinyweleo kama vya taulo jipya, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Mimi nikila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili wangu mwenyewe inavishambulia mpaka taulo linabaki kitambaa kikuukuu. Madini ya chuma yalikuwa yanapita tu. Dawa hakuna, ni kuacha ngano na shayiri maisha yote. Muhogo, mahindi, mchele, mtama na ulezi havina neno. Akaniambia pia kwamba ningekaa Newala miezi mingi ndipo nikapimwe, huenda damu ingeonyesha sina kitu, kwa sababu kipimo kinamtaka mtu anayekula ngano.

Miaka minne, na yeye ndiye wa kwanza kuniuliza nakula nini.

Usiku wa tatu nikamwambia Mama. Alikuwa anakwangua beseni la unga. Hakuinua kichwa.

"Kumbe nilikuwa nakulisha sumu?"

Nikakosa la kusema, nikamsimulia kisa nilichokipata kwa daktari. Uholanzi kulikuwa na daktari wa watoto, Willem Dicke, aliyekuwa ameshaanza kuishuku ngano. Ikaja njaa ya vita, 1944 kuingia 1945, mikate ikaadimika, na wale watoto wake wagonjwa wa tumbo wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

"Sasa watu walikula nini?"

"Viazi, vikipatikana. Wengine mpaka vitunguu vya maua."

"Maua!" Mama akacheka hadi akaliweka beseni chini. "Basi sisi na muhogo wetu tumeshiba."

Kesho yake jioni akanikaangia mihogo, akaikatia kachumbari na kuiminyia ndimu. Alikaa mbele yangu kunitazama nikila, kama nilivyokuwa mtoto. Nikamaliza sahani.

Usiku huohuo tumbo likanivuruga. Nilikwenda chooni mara sita. Mama alisimama mlangoni na taa ya simu, anaapa kwamba hajatia hata chembe ya ngano. Na kweli hakutia. Asubuhi nikamkuta amechuchumaa jikoni, karai la maandazi liko mbele yake, mafuta yameganda kidogo pembeni. Alizamisha mwiko, akauinua. Makombo ya maandazi, meusi, yamejaa chini.

"Mafuta ya jana," alisema. "Ni yaleyale."

Hakunywa hata chai. Alijitanda kanga akaenda sokoni, akarudi na karai jipya, mwiko mpya na chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa. Akachana pindo la kanga yake kuukuu, nyekundu, akalifunga kwenye mkono wa lile karai jipya, kisha akalitundika ukuta wa pili, mbali na vyombo vya biashara.

Maandazi hakuacha, na mimi sikutaka aache. Ada ya mdogo wangu ilitoka humo. Kukanda tu ndiko alikonikataza. Hadi leo jirani akija kuazima karai, Mama hutoka kwanza mlangoni, amejishika kiuno.

"Unataka kukaanga nini?"